UBE3A na E6-AP kumbe ni jeni moja jamani

Wiki mbili nzima daftari langu lina kurasa mbili, moja ya UBE3A nyingine ya E6-AP, nakesha nalinganisha ipi inafanya nini, kumbe ni kitu kile kile, nimecheka peke yangu usiku kama chizi. E6-AP ndo jina la zamani, walilipa protini inayotengenezwa na jeni hii, waliikuta imeng'ang'aniana na E6, protini ya HPV, kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi, yaani kirusi kinaiteka alafu kinaituma ikaimalize p53, yule mlinzi wa seli dhidi ya saratani. Jina la sasa linasema kazi, UB ni yubikwitini, E3 ni enzaimu za hatua ya tatu ya kuibandika hiyo yubikwitini, hiyo A basi tu. Na wala haivunji protini yenyewe! Inaibandikia yubikwitini, kaprotini kadogo ka amino asidi 76, kanapangwa mnyororo, kisha protiasomu, mashine ya seli ya kusaga protini, ndo inasaga. Kama mtu anayepiga alama ukutani, tingatinga linakuja baadaye.

Ila kilichonishika ni hiki, kwenye nyuroni za ubongo kopi ya jeni hii iliyotoka kwa baba imezimwa, inafanya kazi ya mama tu, sasa ya mama ikipotea pale kromosomu 15 hakuna wa kushika zamu, mtoto anapata ugonjwa wa Angelman, ule alioueleza daktari Harry Angelman mwaka 1965, watoto hawaongei au wana maneno machache mno, na wanacheka cheka sana.

Ukurasa wa E6-AP nimeuchana, kichwa chake nimekibandika juu ya UBE3A kwa gundi.