Viti 23, watu 19: siku yangu na leseni za ofisi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sijapiga hata mswaki na tayari nimeshika simu. Leo ni Alhamisi tarehe 20, na katika ofisi ya wahasibu tarehe 20 haina mchezo: ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, za wateja kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Mimi sihesabu kodi ya mtu. Mimi ndiye fundi wa kompyuta, kazi yangu ni kuhakikisha wanaohesabu wana cha kuhesabia. Simu imenyamaza. Naenda kuoga.

Saa kumi na mbili na robo, ndani ya matatu Githurai. Manyunyu kidogo tu na nauli imesharuka. Kiti kimoja kiko wazi na makanga amekataa katakata kuondoka nacho kitupu. Angefaa kuajiriwa kwetu. Sisi tunalipia leseni 23 za Microsoft 365, yaani Word, Excel na barua pepe, kila leseni kiti cha mtu mmoja, na wafanyakazi ni 19. Mkataba wetu ni wa mwaka, ukajihuisha wenyewe Jumamosi iliyopita, tarehe 15. Kuanzia hapo una siku 7 za kupunguza idadi. Zikipita, umefungwa mwaka mzima na viti vyako vitupu. Ndiyo maana jana jioni nilikaa nikaanza kuwaondoa walioacha kazi.

Saa mbili na dakika kumi. Nimepanda ngazi hadi gorofa ya nne, sijavua hata koti.

“Kaka, Excel imekataa. Inasema haina leseni.”

Ni dada wa hesabu, mwenye wateja wengi kuliko wote. Faili lake linafunguka, analisoma, hata kulichapisha anaweza. Kuandika namba moja ndani yake, hawezi. Nikalaumu intaneti. Nikaangalia nyaya, nikazima na kuwasha, yale matambiko yetu yote. Halafu nikafungua ukurasa wa usimamizi, mwili ukanisisimka. Tulikuwa na wasichana wawili wenye jina moja la kwanza. Mmoja aliacha kazi mwezi wa sita. Jana, macho yakiwa yamechoka, nilibofya jina la kwanza nililoliona. Aliyeondoka bado alikuwa na leseni yake, na aliyebaki nilikuwa nimemvua.

“Ni mtandao tu ulisumbua kidogo, dada.” Mungu anisamehe.

Kumrudishia ni dakika moja. Kungoja kompyuta yake ikubali ndiko kazi: atoke kwenye akaunti, aingie tena, ingoje, ijaribu tena. Nilimfungulia faili kwa LibreOffice, programu inayofanana na Office, ya bure kabisa, aendelee kulinganisha ankara za eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, na mauzo ya mteja. Aliendelea, akinung'unika kwamba vitufe vimehama. Baada ya dakika ishirini na kitu Excel ikarudi. Hakunishukuru, na sikustahili.

Saa nne, chai na mandazi.

Saa nne na nusu nikatoa daftari. Ndiyo, la karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leseni ni mali isiyoshikika, hiyo hupotea upesi zaidi. Nikapitia jina baada ya jina. Wanne hawapo tena. Mmoja ni kijana aliyehamia Nakuru mwezi wa nane, na ripoti inaonyesha Word yake imetumika wiki hii. Hapo kosa ni langu, nilipaswa kumfungia siku aliyorudisha ufunguo wa ofisi. Lakini ukimwondoa mtu kiholela, sanduku lake la barua pepe hufutika baada ya siku 30, na wateja wake bado wanaandika humo. Kwa hiyo kwanza nililigeuza kuwa sanduku la pamoja, ambalo chini ya GB 50 halihitaji leseni, ndipo nikakata.

Katikati ya hayo mkubwa akapiga simu. Ameona laptopu za ex-UK, mitumba ya Uingereza, mjini, bei nzuri, na muuzaji anaapa zina “Office ya maisha”. Nikamweleza, kwa mara ya tatu mwaka huu: Windows halali hukaa na mashine, ufunguo wake mara nyingi umechongwa humo humo kwenye ubao mama. Leseni yetu ya Office humfuata mtu, na kila mtu anaruhusiwa kompyuta tano. Kwa hiyo mashine mpya haihitaji Office ya muuzaji, inahitaji mtu aingie kwa akaunti yake. Hiyo ya maisha ya wauzaji kama huyo mara nyingi huwa imevunjwa kufuli, na anayeivunja anaweza kukuachia mgeni ndani, yaani virusi.

“Sawa, lakini bei ni nzuri,” akasema.

Saa saba, chapati madondo kibandani.

Saa nane antivairasi ikakataa laptopu mpya: nafasi zimejaa. Nafasi moja ilikuwa imeshikwa na kompyuta ya mapokezi iliyokufa mwaka jana. Nikaizika rasmi.

Saa tisa niko mbele ya mkubwa. Malipo ni kwa dola, na yeye hajasahau mwanzo wa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, akanitazama kana kwamba nazichapisha mimi. Leo ana swali la busara: kwa nini tusibakize leseni moja ya akiba, maana mwezi ujao anakuja mwanafunzi wa atachimenti? Nikakataa. Kuongeza ni wakati wowote, kupunguza ni wiki moja kwa mwaka. Akanyamaza, akapiga hesabu kwenye simu, akatikisa kichwa kukubali. Saa kumi kasoro nikabofya: 23 zikawa 19. Nilisoma majina mara tatu kabla ya kubofya, kwa kidole kwenye skrini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Saa kumi na mbili dada wa hesabu aliwasilisha ya mteja wake wa mwisho.

Saa mbili usiku, nimevua viatu, sahani ya ugali mapajani. Ujumbe kutoka Nakuru:

“Kaka, habari za siku nyingi! Word imekataa kuandika. Hebu nisaidie, niko katikati ya barua ya kuomba kazi.”