Usiweke 65: kidhibiti unyevu cha feni ya bafuni kwa tunaoishi Dar

Bafu letu halina dirisha. Lipo katikati ya nyumba, mlango wake unafungukia chumba cha kulala, na njia pekee ya hewa ni tundu la inchi nne juu ya choo, linalotokea kwenye shimo la hewa tunalotumia pamoja na majirani wa juu na wa chini. Anayeijua Upanga anazijua nyumba hizi. Dari ya jipsamu ilikuwa imeshaota madoa meusi pembeni, na kila mgeni alikuja na dawa yake: Jiki, rangi ya mafuta, ng'oa jipsamu uweke plastiki. Jiki inaua fangasi wa leo. Unyevu ukibaki palepale, baada ya muda unasugua tena.

Feni ilikuwepo tangu tunahamia, ila imefungwa kwenye swichi ya taa. Ukiwasha taa inazunguka, ukizima inalala. Sasa mtu wa Dar anaoga upesi, akitoka anazima taa maana LUKU haina huruma. Kuta bado zinatiririka na feni imeshanyamaza. Baba mkwe akiwa kwetu ndiyo balaa, yeye haogi bila maji ya moto hata Februari. Ndipo nikaanza kutafuta kidhibiti unyevu: kifaa kinachohisi hewa imelowa, kinawasha feni chenyewe, na ikikauka kinaizima.

Kariakoo vipo, ukizunguka kwa subira. Kuna feni zenye kidhibiti ndani yake, kuna viboksi vya pembeni vya kufunga ukutani, na kuna feni zenye kihesabu dakika tu ambazo muuzaji atakuapia kuwa "zinahisi mvuke". Omba karatasi ya maelekezo usome kabla hujatoa hela. Muuzaji mmoja alinipa feni mkononi akasema, "Dada, hii weka 65, sahau kama ipo." Karatasi nayo ilisema vivyo hivyo: weka kati ya asilimia 60 na 70 ya unyevu. Iliandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, na huko inafaa. Hapa kwetu, feni iliyowekwa 65 itazunguka usiku na mchana karibu mwaka mzima, kwa sababu hewa ya nje yenyewe imeshapita hapo. Asubuhi za Dar huanzia 80 na zaidi. Ni mchana, hasa wa kipupwe, ndipo inaposhuka karibu na 60.

Kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Hiyo asilimia haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema imebeba sehemu gani ya kile ambacho ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya nyuzijoto 30 ikishiba kabisa hubeba karibu gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 18 hubeba 15 tu. Chukua asubuhi ya masika: nje nyuzi 28, unyevu 85. Hizo ni gramu 23 hivi. Bafu lililotoka kuogewa maji ya moto lina gramu 30. Kila mita ya ujazo inayotolewa na feni huondoka na gramu 30, na mahali pake inaingia hewa yenye gramu 23. Faida ni gramu 7. Shemeji yangu wa Arusha, siku ya nyuzi 18 na unyevu 60, anaingiza hewa yenye gramu 9 kwenye bafu la nyuzi 24 lenye gramu karibu 22. Faida yake ni 12 au 13. Feni ileile, umeme uleule, yeye anakausha karibu mara mbili yangu.

Maana yake ni kwamba kwetu feni lazima ijue pa kuishia. Bafu likishalingana na hewa inayoingia, kuendelea kuzungusha ni kuhamisha unyevu wa nje kuupitisha ndani. Feni ya wati 20 isiyozimwa inakula uniti 14 kwa mwezi, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni AC. Bafu likifungukia chumba chenye AC, feni inavuta ile hewa uliyoilipia, inaitupa kwenye shimo, na badala yake hewa ya nje inapenya kwenye vioo vya dirisha. Nusu saa baada ya kuoga ni sawa, tena hewa ya AC ni kavu na inakausha bafu vizuri mno. Usiku kucha ni kuwasha AC kwa ajili ya njiwa wa shimoni.

Kwa hiyo nilitafuta vitu vitatu. Kipimo kinachoweza kupandishwa hadi 90. Vingine vinaishia 80, hivyo niliviacha mezani kwa muuzaji. Pili, dakika za ziada baada ya taa kuzimwa, zinazoweza kurekebishwa. Hili ni muhimu kwa sababu wengi wetu tunaoga maji ya baridi: hakuna mvuke wa ghafla, kidhibiti hakishtuki, lakini sakafu na kuta zimelowa na zitavukiza taratibu. Hapo dakika ndizo zinazofanya kazi, si unyevu. Tatu, nguvu ya kuvuta. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka lita 15 kwa sekunde kwa bafu, yaani mita za ujazo 54 kwa saa. Bafu letu halifiki mita za ujazo 10, kwa hiyo kwenye karatasi hewa yote inabadilishwa zaidi ya mara tano kwa saa. Ila namba ya kwenye boksi ilipimwa bila bomba; ukiweka bomba la kujikunja lenye kona mbili, ondoa sehemu ya kutosha.

Zipo pia feni zinazopima jinsi unyevu unavyopanda badala ya kungoja namba maalumu. Ukipanda kwa kasi, inajua kuna mtu anaoga. Kwa pwani, naona hiyo ndiyo akili zaidi, na ningeipata kwa bei ya kibinadamu ningeichukua. Sikuipata.

Kabla ya kufunga chochote nilitaka kujua bafu langu lina kiasi gani likiwa limetulia. Vipimo vidogo vya unyevu vyenye kioo cha namba ni vya bei rahisi, na ndiyo maana haviaminiki. Njia ya kukikagua ipo jikoni. Kijazie chumvi ya kawaida kifuniko cha chupa ya maji, dondoshea maji kidogo mpaka iwe tope, isiyeyuke. Weka hicho kifuniko pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linaloziba vizuri, liache usiku kucha mahali pasipo jua. Hewa iliyofungiwa na tope la chumvi hutulia kwenye asilimia 75, iwe kuna joto au baridi ya kawaida ya nyumbani. Changu kilisoma 71. Basi, tangu siku hiyo kila namba naiongezea nne.

Kikakaa bafuni juu ya kabati. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuoga: 80, 82, siku ya mvua 85. Baada ya baba mkwe: 97. Kati ya 85 na 97 ndipo mahali pa kufanyia kazi, si 65.

Nikiwa katika kusoma habari hizi nilikuta kwamba Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alipima unyevu mwaka 1783 kwa unywele wa binadamu. Unywele hurefuka hewa ikilowa na hufupika ikikauka. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyoosha nywele kwa pasi akashuka kwenye boti la Zanzibar angeweza kumwambia hivyo bila maabara. Vidhibiti vya zamani vilitumia nywele au utepe wa nailoni. Vya sasa vina utando mwembamba unaofyonza unyevu na kubadili uwezo wake wa kuhifadhi chaji.

Sasa nyaya. Mimi sikushika waya wowote. Nilimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nikasimama mlangoni nikiuliza maswali mpaka akaniambia, "Dada, kesho njoo tufanye wote kazi." Lakini ukielewa kinachofanyika, hudanganywi.

Feni ya zamani ilikuwa na nyaya mbili: laini (waya unaoleta umeme) inayotoka kwenye swichi ya taa, na nyutro (waya unaourudisha). Feni yenye kidhibiti inataka tatu. Nyutro kwenye N. Laini ya kudumu, isiyopita kwenye swichi yoyote ya taa, kwenye L. Na ile laini ya swichi kwenye tundu la tatu, ambalo huandikwa LS, SL au T kutegemea mtengenezaji. Laini ya kudumu ndiyo inayoiwezesha feni kuamka hata taa ikiwa imezimwa. Ile ya swichi ni ishara tu ya kuiambia feni kwamba mtu ameingia, na akitoka ianze kuhesabu dakika. Fundi akiunganisha mbili tu, kidhibiti chako ni pambo.

Laini ya kudumu inatoka wapi? Kwetu nyaya zimepita kwenye mabomba ndani ya ukuta, na kwenye swichi ya taa kuna laini inayoingia na laini inayotoka. Nyutro iko juu kwenye taa. Kwa hiyo alichukua kutoka upande unaoingia, akavuta waya mmoja zaidi kwenye bomba lilelile hadi darini. Nyumba ni ya zamani, laini nyekundu na nyutro nyeusi, na waya mpya ni kahawia. Akaufunga tepu za alama kwenye ncha zote mbili. Nilimpenda hapo.

Juu ya mlango, upande wa nje wa bafu, akafunga swichi ya kukata zote tatu kwa pamoja: laini ya kudumu, laini ya swichi na nyutro. Mafundi wengi wataruka hatua hii. Usikubali. Siku atakayekuja kusafisha feni atazima taa, atadhani amekata umeme, na ile laini ya kudumu itamsubiri juu ya ngazi. Kwenye laini ya kudumu aliweka pia fyuzi ya ampea 3 kama maelekezo yalivyotaka. Feni ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani haihitaji ethi (waya wa kwenda ardhini), lakini waya wa ethi haukukatwa. Ulifungwa kwenye konekta na kuachwa kwa ajili ya feni ya baadaye. Na kwa kuwa ipo karibu na bomba la mvua, tulichagua yenye alama IPX4, inayostahimili maji ya kurushwa.

Kwa shangazi, Sinza, tulifunga kile kiboksi cha ukutani kwa sababu feni yake bado nzima. Hapo kuna mtego mdogo. Ndani ya kiboksi kuna tundu la laini kuingia, na matundu mawili ya kutoka: moja linapata umeme unyevu ukipanda, jingine unyevu ukishuka, kwa ajili ya wenye mashine za kuongeza unyevu. Ukikosea, feni itazunguka bafu likiwa kavu na kuzima mtu akioga. Fundi hakubahatisha. Umeme ukiwa umekatwa, aliweka mita kwenye matundu, akakipulizia kiboksi pumzi kwa kinywa wazi, tukasikia "tk", mita ikalia. Ndilo hilo. Kiboksi kikawekwa mbali na maji ya bomba la mvua na mbali na mlango, maana upepo wa chumbani unakidanganya.

Kuweka namba kulikuwa rahisi kuliko kununua. Asubuhi bafu likiwa limetulia, taa imezimwa, fundi aligeuza kiskurubu kushuka taratibu mpaka feni ikaanza yenyewe, kisha akakipandisha mpaka ikasimama, akaongeza kidogo juu ya hapo. Kwa kipimo changu ni kama 88. Dakika za ziada tuliweka 15. Masika yakianza napandisha kidogo, kipupwe nashusha, kila mara nikiwa nimezima ile swichi ya juu ya mlango.

Jambo la mwisho ni mlango. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia, na mlango wetu ulikuwa unagusa kizingiti. Seremala alikata chini sentimita moja, na karatasi ya chooni iliyokuwa inaanguka ukiiweka kwenye wavu wa feni sasa inanata. Wavu wenyewe unafutwa kwa brashi kavu, umeme ukiwa umekatwa; usipulizie dawa ya marashi wala Jiki karibu nao, utando wa kuhisi unyevu huharibika na feni inaanza kusikia mvua isiyokuwepo.