55–5: Imbeni, Kisha Mchukue Karatasi

Timu ya raga ya chuo ikishinda mechi 55–5, makomredi, yaani wanafunzi wenzao, huvamia uwanja kabla refa hajaondoa kipenga mdomoni. Ni haki yao. Vyuo vya Nairobi havipati jioni kama hizo kila wiki, hasa vikikutana na klabu za watu wazima waliokomaa mabega. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta na Strathmore Leos wa pale Madaraka ni timu za wanafunzi, na wanafunzi wakipepeta mtu kwa pointi 50 inafaa mtaa usikie. Kwa hivyo imbeni mpaka sauti zikauke. Ila Jumapili asubuhi chukueni karatasi, kwa sababu pointi 55 zinaficha mambo mengi.

Anza na hesabu yenyewe. Trai, yaani kutua mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 5; konvesheni, mkwaju wa nyongeza baada ya trai, 2; penalti 3. Kama hakuna penalti iliyopigwa milingotini, 55 kwa kawaida ni trai 9 na konvesheni 5. Mikwaju 4 imepotea, yaani pointi 8. Konvesheni hupigwa kwenye mstari ulionyooka na pale mpira ulipotuliwa chini. Trai ya katikati ya milingoti karibu kila mpigaji anaiongeza, ya konani inamtoa jasho hata fundi. Sasa jiulize kwa nini trai zinafungwa konani wakati ulinzi wa wapinzani umeshasambaratika. Mara nyingi winga amevuka mstari akiwa peke yake, akajitupa palepale badala ya kukata ndani hatua nane au kumi zaidi. Siku ya 55–5 hakuna anayemkemea. Siku mechi ikiisha 17–19, zile hatua ndizo zilizotupoteza.

Kwenye jedwali, mfumo wa kawaida wa ligi za raga hutoa pointi 4 kwa ushindi na 1 ya bonasi kwa trai 4. Hiyo ni 5 jumla, sawa kabisa na timu iliyoshinda 28–26 kwa trai 4 zake. Trai ya tano hadi ya tisa haziongezi chochote hapo. Zinaongeza tofauti ya pointi tu, na hilo tusilidharau, maana sisi Wakenya tumeliona kwa macho. Novemba 2022 kule Dubai, timu nne ziligombea tiketi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2023. Ureno ilituchapa 85–0, Marekani ikatuchapa 68–14. Siku ya mwisho Ureno na Marekani zikatoka sare 16–16, na Ureno ikaenda Ufaransa kwa tofauti ya pointi. Zile trai nyingi ambazo Simba, timu yetu ya taifa, waliwaachia Ureno ndizo zilizowasaidia kupata tiketi. Kwa hiyo anayesema "mechi ilikuwa imeshaisha, mbona waliendelea kufunga?" hajaelewa ligi.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni mpira wa kuanzisha upya, yaani mkwaju wa katikati ya uwanja baada ya timu kufunga. Katika raga ya wachezaji 15, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga. Ya wachezaji saba ni kinyume chake. Ndiyo maana kichapo hujizidisha chenyewe. Unafunga, unaletewa mpira tena. Tazama unavyodakwa: mpira lazima ufike mstari wa mita 10, unaning'inia hewani, wawili wanamshika mrukaji mapajani na kumwinua, naye anauvuta kifuani kabla wakimbizaji hawajamfikia. Mguu mmoja wa mwinuaji ukichelewa, mrukaji anapinda, mpira unaruka mbele, na wapinzani wanapewa skramu, ule msukumano wa mafowadi wa timu zote mbili.

Sasa hesabu. Timu iliyoshinda 55–5 imedaka karibu mara 10, lakini yenyewe imepiga na kukimbiza mara mbili tu: mwanzo wa kipindi kimoja na baada ya ile trai moja iliyofungwa. Mazoezi hayo ya kukimbiza kwa mstari mmoja, bila mtu kutangulia wala kuacha pengo pembeni, mechi nzima haikuyatoa. Wiki inayofuata ukienda Ruaraka kucheza na klabu ya KCB, au Kakamega kwa Kabras, wewe ndiye utakuwa unafungwa na kupiga, na flai-hafu wako, yule mpigaji, anaupiga mrefu mno, wakimbizaji hawaufikii, fulbeki wao, mlinzi wa nyuma kabisa, anauokota akiwa na mita 20 za bure. Hapo ndipo vyuo vinapoangukia, na watu wanadhani ni bahati mbaya.

Safu ya mbele ya skramu, yaani mapropu wawili na huka katikati yao, nayo inadanganya. Kikosi cha wachezaji 23 kinatakiwa kuwa na watu 6 wanaojua kucheza safu ya mbele: mapropu wanne na mahuka wawili. Timu nyingi ndogo hazina. Propu wao wa kulia akiumia na hakuna wa kumrithi, refa anaamuru skramu za bila kusukumana. Tangu hapo mpira unatoka safi kila mara na mabeki wetu wanaonekana malaika. Usiandike kwamba skramu yetu ni ngumu kama skramu haikusukumwa. Propu wa miaka 19 hupimwa na mtu wa miaka 28 anayemkandamiza shingo kwa dakika 60.

Halafu ile trai waliyotufunga. Iliingia dakika ya ngapi? Ikiwa ni baada ya dakika ya 60, angalia nani alikuwa uwanjani. Kama kocha alikuwa ameshatoa vigogo na kuingiza benchi lote, ni bei ya halali, na kocha amefanya vyema: pointi ya bonasi ikishapatikana, mchezaji wa kwanza hana sababu ya kuhatarisha goti. Kama vigogo walikuwa bado ndani, walichoka au walianza kucheza kwa majivuno, kila mtu akitoa pasi ya mkono mmoja huku ameshikwa. Hesabu pia penalti walizotoa katika robo hiyo ya mwisho. Nidhamu huvuja kabla ya ulinzi. Na kama wageni walitoka Pwani, kumbuka Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Huenda mapafu yao yaliwaangusha kuliko mbinu zetu.

New Zealand iliichapa Japani 145–17 mjini Bloemfontein tarehe 4 Juni 1995, kwa trai 21, ingawa wachezaji wake wengi walikuwa wa akiba. Siku 20 baadaye, kwenye fainali ya Kombe lile la Dunia dhidi ya Afrika Kusini, New Zealand haikupata trai hata moja, ikalala 15–12.

Jumamosi ijayo, tutakapofungwa kwa mara ya kwanza, msitazame ubao. Tazameni mpira wetu wa kuanzisha unatua wapi, na ni wangapi wamefika chini yake.