Sauti zilizokwama tarehe mosi Januari

Lubumbashi, Jumatano usiku

Nimerudi nyumbani Kamalondo na sauti ya yule dereva bado iko masikioni. Naandika leo hii, kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Ofisi ninayoihudumia hutengeneza karatasi za forodha za mizigo inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Mchana simu zina wa kuzipokea. Usiku, kompyuta ndogo yenye Asterisk, programu ya kupokea simu, humwomba mpigaji aache ujumbe, huuweka ujumbe huo ndani ya barua pepe, kisha huupeleka kwenye sanduku la ofisi. Watu wengi hapa mjini wakisikia mashine wanakata simu. Madereva hawakati. Aliyekwama kwenye foleni ya malori usiku wa manane, na salio linakaribia kuisha, husema lake lote kwa pumzi moja: namba ya gari, karatasi inayokosekana, mahali alipoegesha.

Jana asubuhi Mama Sekretari alinipigia. "Papa, dereva anasema aliacha sauti tatu tangu Jumamosi. Miye hapa sioni hata moja."

Nikafungua kumbukumbu za mashine, nikatafuta Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Patupu. Nikamwambia huenda dereva hakupiga, na hilo linaniuma hadi sasa. Akanijibu taratibu, "Huyu namujua. Hasemi bongo." Yaani hasemi uongo.

Basi nikashuka hadi mwisho wa faili, mstari kwa mstari, bila kutafuta tarehe yoyote. Mistari ya mwisho iliandikwa tarehe 4 Januari. Kumbukumbu hizi huandika mwezi na siku tu, mwaka hazitaji, kwa hiyo mara ya kwanza nilizipita nikidhani ni za zamani. Nikauliza mashine saa ngapi. Ikanijibu kwamba tuko mwaka 2015.

Hapo nikakumbuka mvua ya Ijumaa. Radi ilipiga, umeme ukaenda, betri ya akiba ikaishiwa. Alfajiri ya Jumamosi umeme uliporudi, mashine ilijiwasha yenyewe. Ila ndani yake kuna betri bapa ya volti 3, mfano wa sarafu, ile inayoitunza saa wakati kila kitu kimezimwa, na hiyo ilikuwa imekufa. Saa ikaanza upya kutoka tarehe ya kiwandani, mosi Januari. Programu ya kuirekebisha kupitia intaneti ilikuwapo, ya zamani, na hiyo ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hukataa kugusa kitu na hujizima, isipokuwa umeiruhusu tangu mwanzo. Sikuwa nimeiruhusu.

Barua pepe zetu hupita kwenye njia iliyofungwa kwa siri. Kabla ya kukabidhi chochote, mashine yetu huikagua hati ya seva ya upande wa pili: imetolewa lini, inaisha lini. Kwa mashine iliyo mwaka 2015, hati ile ilikuwa haijaanza kutumika. Ikakataa, ikaweka ujumbe kwenye foleni ya Postfix, programu inayosafirisha barua pepe, ikajaribu tena baadaye, ikakataa tena. Siku tatu nzima. Nilihesabu ujumbe 19.

Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi nirekebishe saa, nimalize. Namshukuru Mungu nilisita. Postfix, usipoibadilishia, huhifadhi barua isiyopelekeka kwa siku 5. Nikiirusha saa kutoka 2015 hadi leo, kila barua kwenye foleni itaonekana ina umri wa miaka. Itajaribiwa, na jaribio hilo likishindwa, inarudishwa kwa aliyeituma. Na intaneti ya jana asubuhi ilikuwa inakuja na kuondoka. Tena barua inayorudishwa, ikizidi baiti 50,000, hurudi na vichwa vyake tu, yaani nani katuma, kwa nani, lini; mwili unaachwa. Sauti zetu zinarekodiwa kwa baiti 16,000 kila sekunde, na zikigeuzwa kuwa kiambatisho zinaongezeka theluthi. Ungeokoa tu ujumbe usiozidi sekunde mbili na ushei. Hata salamu haijaisha.

Kwenye Asterisk kwenyewe hakukuwa na nakala. Mwaka jana, ili kuokoa nafasi kwenye diski, nilipanga ujumbe ufutwe mara tu unapotumwa. Sikufikiri vya kutosha maana ya "umetumwa". Kwa Asterisk, kazi imeisha pale inapomkabidhi Postfix bahasha. Kama bahasha imefika kwa mtu au iko chini ya mlango, hiyo haiulizi. Kwa hiyo zile faili 19 kwenye foleni ndizo zilikuwa sauti zenyewe, na hapakuwa na nyingine popote.

Nikaisimamisha foleni yote. Nikanakili kila faili kwenye diski ya nje, mara mbili. Nikafungua moja na kusikiliza, nione kama ni nzima: mvua juu ya bati la lori, mwanamume anakohoa, anataja namba ya gari. Ndipo nikarekebisha saa, nikangoja intaneti itulie, nikaachia barua mojamoja. Zikapita zote.

"Zimefika, Mama?"

"Apana. Hakuna kintu."

Kwa kweli zilikuwa zimefika. Kila barua ilibeba tarehe iliyoandikiwa, ya Januari 2015, na sanduku lake hupanga barua kwa tarehe. Zilizama chini kabisa, chini ya miaka yote ya ofisi hiyo. Tulizikuta pale, 19, zimepangana.

Leo nimeweka betri mpya na programu nyingine ya saa, na nimeondoa ule mpango wa kufuta. Lakini jana kazi iliyobaki ilikuwa ya kalamu. Nilipiga hesabu ya tofauti kati ya saa ya uongo na saa ya kweli, nikaiongeza kwenye kila ujumbe, na Mama akaandika kwa wino mwekundu: huyu Jumamosi saa mbili usiku, huyu Jumapili alfajiri. Ujumbe wa tatu wa yule dereva uliangukia Jumatatu, saa tisa usiku. Hakuwa na hasira. Alisema, "Pengine mumelala. Mukiamuka, munitafutie ile karatasi."

Mama alimpigia palepale, simu ikiwa kwenye spika. "Tumekusikia, baba. Tumechelewa, lakini tumekusikia zote tatu." Upande wa pili palikuwa kimya kidogo. Kisha akauliza kama karatasi imepatikana, na Mama akaanza kumsomea namba zake.