Jongoo, Kunguru na Kaka Yangu

Kwetu Kisauni, Mombasa, kunguru hana wakili. Mama akianika samaki wa ng'onda uani, lazima akae mtu pale na fimbo, na utotoni mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Tukaweka wavu. Haukupita muda, kunguru mmoja akawa anavuta wavu upande wa kisimani, sisi tunakimbilia huko, na mwenzake anainua pembe ya huku. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilipotangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha, mama alipiga vigelegele kana kwamba kuna harusi.

Siwatetei. Wanabomoa viota vya ndege wadogo, wanakula mayai na makinda, na kuku wa jirani wanajua habari yao. Ila kila nikisikia mtu jukwaani akituhimiza tujifunze kwa wanyama namna ya kwenda na wakati, huwa namsubiri afike kwa kunguru, na hafiki kamwe. Atakutajia tai, simba, siafu. Kunguru, ambaye amelimudu jiji hili kuliko yeyote kati yetu, anarukwa.

Ndege huyu si wa pwani hii. Aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, na mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Tunasema kunguru hafugiki, lakini huyu wa kwetu hajui kuishi mbali na watu. Ukimtafuta porini kusiko na nyumba humpati. Akikosa vijiti vya kujengea, anajenga kwa nyaya. Juu ya mwarobaini wetu kuna kiota ambacho fundi wa umeme angekitambua. Hata sumu anayotegewa ni ile inayochelewa kuua, afe baadaye akiwa mbali na chambo, kwa sababu wenzake wakimwona ameanguka pale hawagusi tena.

Kwa hiyo kubadilika peke yake hakunivutii. Mwizi naye hubadilika. Niliyemwendea kwa mawazo zaidi mwaka huu ni jongoo.

Wenyeji wa Bamburi wanaijua habari hii, lakini watoto wetu wanaletwa Haller Park, ile bustani ya wanyama, kulisha twiga na kurudi nyumbani bila kuambiwa wamesimama juu ya nini. Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe ya kale hadi karibu na maji ya chini, maji yenyewe ya chumvichumvi. Kilichobaki ni jangwa jeupe la mawe, jua juu, hakuna udongo hata wa kujaza kopo. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mnazi ukiwa mmojawapo, na aliyeshinda wote ni mvinje.

Mvinje nao ni mgeni, asili yake mashariki ya mbali huko, lakini chumvi haiutishi, na mizizi yake ina vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti. Basi ikaota, ikarefuka, ikaangusha majani yake membamba. Na hapo kazi ikakwama. Majani yale ni magumu na makali kwa wadudu wengi, hayakuoza. Yalilundikana tu juu ya mawe, makavu, mwaka hadi mwaka. Una miti na bado huna ardhi.

Aliyewatoa kwenye shida hiyo ni jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu mingi myekundu, anayejikunja ukimgusa. Ilionekana kwamba yeye majani ya mvinje anayala bila taabu, na kinyesi chake ndicho ambacho bakteria wanaweza kukimalizia kazi. Wakaokotwa majongoo kwa mamia, wakaletwa machimboni. Udongo ukaanza. Baada yake yakaja majani mengine, miti mingine, ndege, na mwisho hao twiga wa kupigwa picha.

Sisi jongoo tunamfagia. Akiingia ndani wakati wa mvua za masika anachukuliwa kwa kijiti na kutupwa, na wahenga hawakumwonea huruma: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kinachonishika zaidi ni kwamba yeye hakubadilika hata kidogo. Hakujifunza mbinu mpya. Alikula majani yaliyoanguka kama alivyokula siku zote, ila safari hii kwenye mawe ambako hakuna mwingine aliyeweza. Aliyebadilika ni mtu aliyemtazama na asiseme "mdudu mchafu".

Nimeyawaza haya kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka alikuwa wakala wa forodha, akiwatolea wateja mizigo yao bandarini. Ofisi ya kuazimwa karibu na Kilindini, meza mbili, mihuri, na simu zisizonyamaza. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena hadi Nairobi, yakawa yanakaguliwa na kulipiwa ushuru huko huko, na mizigo ya wateja wake ikaifuata treni. Ofisi ikafungwa. Tangu hapo anakaa barazani na kahawa tungu, na wenzake wanakubaliana kila jioni kwamba mambo yatarudi. Siwacheki. Baraza ni dawa pia. Lakini dawa haijazi sufuria, na wifi ndiye anayeijua bei ya unga.

Wifi alikuwa na wazo lake. Mtaani kuna kina mama wengi wanaoagiza mali Dubai na Uchina, wanachangia kontena, kisha wanababaika na makaratasi. Hawajui mzigo uandikwe chini ya namba ipi, wanalipishwa zaidi au unazuiliwa. Kaka anaziona fomu hizo akiwa amefumba macho. Alipoambiwa, akasema, "Hiyo si kazi, huo ni msaada. Kazi ina ofisi."

Nikamwambia habari ya jongoo. Akanitazama. "Mdogo wangu, umenifananisha na jongoo?"

"Kaka, ni sifa."

"Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka."

Methali hiyo ninaiheshimu kwa watoto, ila kwa watu wazima tunaitumia kama kufuli. Nikamtajia kobe. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mdogo aliyebaki peke yake pwani ya Malindi aliokolewa kwa nyavu za wavuvi na kuletwa Haller Park. Wakampa jina Owen. Akamkimbilia kobe mkubwa wa asili ya Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa umri wa miaka 130 hivi, akajibanza nyuma yake kama wafanyavyo watoto wa viboko kwa mama zao. Dunia nzima ilimwonea huruma kiboko. Mimi macho yangu yalikuwa kwa kobe. Mwanzoni alimfukuza kwa sauti ya kuonya na kujiondoa zake, kisha siku si nyingi wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Miaka 130, na akazoea mtoto wa watu.

Kaka akacheka hadi kikombe kikamwagika. "Kobe halipi kodi ya nyumba."

Nikakosa jibu, maana ni kweli.

Jumamosi akaja mama mmoja wa Mishomoroni na karatasi za vyerehani, mzigo umezuiliwa. Alimfuata wifi, si kaka. Kaka akaomba kuona tu. Akavaa miwani, akapitisha kidole, akasonya. "Nani kakuandikia hivi? Hivi ni vya kiwandani, wewe umeagiza vya nyumbani." Akaitisha kalamu, kisha karatasi ya pili, kisha simu, akawa anamfokea mtu wa upande wa pili kwa lugha ya bandarini ambayo sikuwa nimeisikia miaka. Bei aliitaja wifi. Kaka hakusikia, alikuwa bado anabishana juu ya mstari wa tatu.