Sanduku la fundi wa mkonge: nilipofikia

Droo zote saba sasa zinaingia na kutoka bila kukwama, na maikromita ya inchi moja, kifaa cha kupimia unene mdogo sana, imeanza kusoma sifuri pale inapopaswa kusoma sifuri. Hizo ndizo habari kubwa za awamu hii.

Kwa ambaye hakuwa nami tangu mwanzo: sanduku hili lilikuwa la fundi mkerezaji, yaani mchongaji vyuma kwa mashine, wa karakana ya shamba moja la mkonge hapa Tanga. Nililinunua kwa mjukuu wake na zana zote zikiwa ndani, limefungwa kamba ya katani kwa sababu ufunguo ulishapotea. Ni sanduku la Kiingereza la mbao ya mwaloni, lenye mfuniko juu na ubao wa mbele unaoteleza na kujificha chini ya droo ya mwisho.

Wapo wanaoshangaa kusikia zana za namna hii zinapatikana huku kwetu. Mimi sishangai. Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Shamba kubwa lilikuwa na korona yake ya kusindika majani, na korona ikisimama, majani yaliyokwisha kukatwa yanaharibika. Shafti ikivunjika au bushi ikiisha, hakuna muda wa kungoja meli. Fundi wa hapo hapo anakereza nyingine. Ndiyo maana karakana za mashambani zilikuwa na mashine za kukereza, na mafundi waliopima hadi sehemu moja ya elfu ya inchi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, nyuzi za plastiki zikaangusha bei ya katani, na karakana nyingi zikafa. Mashine zikaishia chuma chakavu. Zana za mkononi ambazo fundi alinunua kwa fedha yake alikwenda nazo nyumbani, na hizo ndizo zilizosalimika.

Droo ya pili peke yake inasimulia kazi yake. Ina geji mbili za kutambua hesi za bolti, yaani meno yake ya kuzungushia: moja ya Whitworth, mfumo wa Kiingereza, yenye pembe ya digrii 55, na nyingine ya milimita, yenye digrii 60. Korona nyingi zilitoka Ujerumani kwa Krupp, mashine nyingine zilitoka Uingereza, na fundi huyu alizihudumia zote. Geji ya Whitworth imechakaa zaidi kwenye bapa zake tatu au nne zile zile, nadhani za bolti zilizomjia kila wiki.

Mbao

Kazi ya mbao ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Gundi ya zamani, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, haipatani na unyevu wa pwani, kwa hiyo pembe nyingi zilikuwa zimeachia zenyewe. Meno ya maungio yalikuwa mazima. Niliyasafisha kwa maji ya moto, nikapaka gundi mpya, nikabana na kuacha hadi kesho yake. Sakafu za droo mbili zilikuwa zimeliwa na bungua. Nimezibadilisha kwa plaiwudi nyembamba.

Madoa meusi kuzunguka skrubu nimeyaacha. Mwaloni una asidi yake ya asili, na chuma kikikaa ndani yake penye unyevu hutoa rangi hiyo nyeusi. Skrubu zilizooza nimeweka za shaba ya njano ili doa lisiendelee kukua. Kitambaa cha kijani nimeweka kipya, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimelowa mafuta na chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa chuma ukikaa karibu na bahari.

Kutu

Hapa nagawa zana mafungu mawili, na sichanganyi. Zisizopima kitu, yaani klampu, nyundo ndogo na vishikio vya tapu (vyuma vya kukata hesi ndani ya tundu), zinaingia kwenye ndoo ya umeme. Zinazopima haziingii popote.

Ndoo ni ya plastiki, yenye maji na magadi, haya haya ya kupikia maharage, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita. Chaja ya betri ya volti 12: waya wa hasi kwenye zana, waya wa chanya kwenye kipande cha nondo chakavu. Ukizigeuza, zana ndiyo itakayoliwa. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, maana maji yake yanakuwa na sumu ya kromiamu. Na kazi ifanyike nje, kwani povu unaloliona ni hidrojeni na inashika moto. Zana ikitoka ina unga mweusi unaoondoka kwa brashi tu. Kausha juani mara moja kisha paka mafuta. Hapa Tanga kutu mpya inaanza kabla hujamaliza kunywa chai.

Siki nimeikataa kabisa. Inaondoa kutu, ndiyo, lakini inakula na chuma kizima, na uso unabaki wa kijivu uliokufa.

Rula na guni, ya kukagua pembe mraba, nimezisafisha kwa mafuta ya taa na wembe uliolazwa bapa, taratibu, nikifuata urefu wa chuma. Mistari bado inasomeka yote. Guni ni ya Starrett, kampuni ya Athol, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1880 na Laroy Starrett, mtu aliyebuni guni hii yenye kichwa kinachoteleza juu ya rula. Nilipoipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli, aliishika kwanza kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Kisha akaniambia: "Mwanangu, msasa usiguse hapa. Ukisugua itang'aa, lakini itakudanganya." Nakubaliana naye kwa moyo wote. Naona watu wengi wanang'arisha zana za kupimia mpaka zinawaka, wakati kipimo kilichomo ndani wameshakiua.

Maikromita

Hii ndiyo iliyonichukua muda mwingi, na ndiyo niliyoifurahia zaidi. Ni ya Moore & Wright wa Sheffield, inapima kuanzia sifuri hadi inchi moja. Skrubu yake ina hesi 40 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni inchi 0.025, na kikombe unachokizungusha kina mistari 25. Mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu.

Ilikuwa imegandamana kwa mafuta yaliyokauka. Sikulazimisha. Niliilaza kwenye mafuta ya taa hadi ikaachia yenyewe, nikatoa mhimili, nikasafisha hesi kwa mswaki laini na spiriti, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Nyuso mbili za kupimia sikuzigusa kwa kitu kigumu. Unaweka karatasi safi katikati, unafunga polepole hadi ibanwe kidogo, unaivuta. Karatasi ya kwanza ilitoka na mstari wa kahawia. Niliendelea hadi ikatoka nyeupe.

Baada ya hapo, ikifungwa ilisoma karibu sehemu mbili za elfu ya inchi pembeni mwa sifuri. Bomba lenye mistari linageuzwa kwa spana ndogo ya ndoano, na spana hiyo ilikuwemo sandukuni, imefungwa kwenye karatasi ya nta. Niligeuza kiasi cha unywele na sifuri ikakaa.

Lakini sifuri sahihi haithibitishi kwamba skrubu haijalika katikati. Nilihitaji kitu chenye kipimo kinachojulikana, nikaenda kwa fundi baiskeli. Gololi mpya za gurudumu la nyuma ni robo inchi, na zinatengenezwa kwa usahihi mkubwa sana. Maikromita ilisoma 0.250. Kwenye duka la beringi nikapata gololi ya nusu inchi: 0.500 kamili. Joto halikunitia wasiwasi. Vipimo rasmi hufanywa kwenye nyuzi 20 na chumbani mwangu ni 30, lakini gololi na maikromita vyote ni chuma, vinatanuka pamoja, mradi viwe vimekaa meza moja muda wa kutosha.

Alama

Karibu kila zana imegongwa herufi mbili za jina lake. Kwenye bikari kuna herufi za mtu mwingine, zimekatwa mstari, na za kwake zimegongwa pembeni, kwa hiyo aliinunua au aliirithi kwa fundi mwenzake. Zote zinabaki kama zilivyo, na mjukuu ameniomba picha zake. Nimempelekea.

Kilichobaki

Kufuli: nimelifungua na lina nafasi ya kuchonga ufunguo mpya kwa tupa. Geji ya kina bado haijaguswa, na venia, kipimio cha taya mbili zinazoteleza, ina taya moja yenye kibonyeo kidogo, nitaipima dhidi ya gololi zile zile kabla ya kuamua. Vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nimeanza kuvikusanya. Ninahitaji viwili kwa kila droo.