Usimvishe mwanao fumbo lako

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, wiki hii nzima jambo moja limenikaa kooni: majina tunayowapa watoto tukiwa na hasira. Simama mlangoni mwa madrasa yoyote ya pwani yetu wakati mwalimu anaita daftari. Shida. Tabu. Mashaka. Semeni. Chuki. Binti wa miaka saba anainuka na kuitika "labeka" kwa jina ambalo bibi yake alimpa ili mkwe asikie, au mama yake alimpa ili jirani aumie. Sisi watu wa mafumbo, tumelelewa nayo. Lakini fumbo la kanga hufa kanga ikichakaa ikawa tambara la jikoni. Fumbo la jina mtoto huitwa nalo mpaka siku ya kusomewa talakini kaburini, na wakati huo aliyerushiwa maneno alishakufa zamani, pengine na ugomvi wenyewe hakuna anayeukumbuka.

Mtume (s.a.w.) hakulipuuza jambo hili. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba binti mmoja wa Umar alikuwa akiitwa Asiya kwa maana ya muasi, na Mtume akamwita Jamila. Na Imamu Bukhari, mkusanyaji mwenzake, amepokea habari ya Hazn, babu yake Said bin Musayyab. Hazn ni ardhi ngumu ya mawe. Mtume akamwambia, "Wewe ni Sahl," yaani tambarare, laini. Yule bwana akakataa: hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Said alipoisimulia habari hiyo alisema kwamba ugumu ule haukuondoka katika ukoo wao. Tuisome hadithi hii polepole, hasa sisi tunaosema "jina ni jina tu, halina neno".

Tusivuke mpaka lakini. Jina halileti riziki wala halifungi kizazi. Anayekudai fedha ili "akufungue" kutokana na jina lako anakula mali yako kwa batili, mwepuke. Ubaya wa jina la kero uko mahali pa kawaida kabisa: mtoto huitwa mara nyingi kwa siku, na kila aitwapo anakumbushwa kwamba alikuja siku mbaya, au kwamba yeye ni silaha ya mtu. Watoto wenzake hawachelewi kuligeuza wimbo wa kumcheka. Halafu tunamsomesha Surat Hujurat, aya ya 11, inayokataza kuitana kwa majina ya kejeli, ilhali la kwake tumempa sisi wenyewe.

Akina baba, hapa nasema nanyi bila kuzunguka. Jina ni haki ya mtoto juu yako. Ukimwachia mama aliyelala kwa uchungu na aliyenyimwa hata pole amtaje mtoto kwa machungu yake, lawama isianzie kwake. Mangapi kati ya majina hayo ya Shida na Tabu yametoka kwa mwanamke aliyebeba mimba miezi tisa mume hajulikani alipo? Na wewe uliyekunja uso ulipoambiwa "ni binti tena", ukasema "mwiteni mpendavyo", jina litakalotoka hapo umeliandika kwa mkono wako.

Mama yake Maryam alikuwa na kila sababu ya kuvunjika moyo. Alikuwa ameweka nadhiri ya kilichomo tumboni kikatumikie nyumba ya ibada, akazaa binti. Surat Al Imran, aya ya 36: akamwambia Mola wake kwamba amezaa mwanamke, akamwita Maryam, na hapo hapo akamwombea kinga yeye na kizazi chake dhidi ya Shetani. Hakumwita Nadhiri-imeharibika. Mshangao wake aliupeleka kwa Mola wake, na mtoto akapata jina na dua katika pumzi moja. Jina linatoka hivyo, kinywani mwa mtu aliyekwisha kulia kwa Mola wake, si kwa mtu anayetaka mtaa mzima usikie kilio chake.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Jina laweza kutolewa siku ile ile, kwani Mtume alimwita mwanawe Ibrahim usiku aliozaliwa, au siku ya saba pamoja na akika, yaani mbuzi wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto, na kunyoa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi siku ya kuzaliwa nayo huhesabiwa: aliyezaliwa Jumatatu mchana, saba yake ni Jumapili, aliyezaliwa usiku wa kuamkia Jumanne, hesabu inaanza Jumanne. Mvulana mbuzi wawili, msichana mmoja, na mbuzi awe ametimiza miaka miwili. Nywele hupimwa, ikatolewa sadaka ya madini ya fedha yenye uzito huo. Za Hasan, mjukuu wa Mtume, zilifika dirham moja au pungufu, na dirham ni kama gramu 3. Asiye na uwezo hana deni. Tunapokosea ni kungoja arobaini ili pilau litoshe watu, mtoto akaitwa "kichanga" wiki sita, na jina la utani likatangulia na kushika. Aliyefariki kabla ya kupewa jina naye ni sunna apewe, Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, amelitaja hilo.

Chagueni mapema, basi, kabla ya hospitali kuwapa tangazo la kizazi, na mliandike kwa herufi mtakazozishika daima. Usajili kwa Tanzania Bara ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Fatma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatuma kwenye cheti cha shule, Fatima kwenye kitambulisho cha NIDA: huyo ataisumbukia pasi ya Hija na mirathi ya baba yake kwa hati za kiapo. Na Abdulrazaki msimkate mkamwita Razaki. Hilo peke yake ni jina la Mwenyezi Mungu.

Wewe mtu mzima unayeitwa Mashaka au Chuki, ruhusa unayo. Kubadili jina baya ni sunna, na si kumvunjia mzazi heshima ukizungumza naye kwanza kwa adabu. Huchinji akika upya. Ikiwa vyeti vinakuzuia, viache kwanza, anza na midomo ya watu: chagua jina, mwombe imamu akutangaze baada ya swala, waambie wa nyumbani. Kwa mtoto ni rahisi zaidi. Kikao kimoja cha familia, dua, ujumbe kwa mwalimu wa madrasa na wa shule, na kuanzia siku hiyo asiitike tena kwa lile la zamani. Bibi ndiye atakayechelewa kuzoea. Akumbushwe kwa upole, kila mara, mpaka azoee.